Jiwe, Kioo na Mpole

Baba Mkubwa aliingia na jino lake mkononi, limeviringishwa kwenye kipande cha gazeti, akaliweka juu ya meza ya kazi polepole kama mtu aliyebeba yai.

"Limevunjika tena," akasema, akakaa bila kukaribishwa.

Kucha alifungua kile kipande cha gazeti, akakiona kile alichokuwa akikiogopa. Jino lilikuwa limegawanyika vipande viwili, safi kabisa, kama sahani iliyoanguka sakafuni.

Kucha lilikuwa jina la kupachikwa. Wenzake wa karakana walimwita hivyo kwa sababu kila jino lililotoka mikononi mwake alilipitishia ukucha wa kidole gumba ukingoni kabla ya kuliachia, hata kama lenzi ilikwisha kusema liko sawa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza kofia za meno. Jino likioza juu na mzizi ukabaki mzima, daktari hulichonga likawa kisiki, akapitisha kamera ndogo mdomoni, na picha ikamfikia Kucha kwenye kompyuta. Yeye huchora jino jipya la kuvishwa juu ya kisiki, na mashine hulichonga. Gego hili la Baba Mkubwa, la juu kulia, alilichora yeye. Na lililovunjika kabla ya hili alilichora yeye pia.

"Ulikuwa unakula nini, Baba?"

"Uji."

"Uji umevunja kauri?"

"Ulikuwa mzito."

Daktari alicheka mlangoni. Chumba chake cha matibabu na karakana vilitenganishwa na mlango mmoja tu, ambao haukuwa ukifungwa, na mama huyo alikuwa na masikio ya paka. Alimwita Baba Mkubwa kwenye kiti, akawasha taa, akachungulia mdomoni kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Mzee wangu, tusidanganyane," akasema. "Kisiki kimebaki kifupi. Hii ndiyo mara ya mwisho. Kofia ikivunjika tena itaondoka na kisiki, na mimi sitakuwa na pa kuivisha. Nitang'oa. Na hili la chini linaloumana nalo ndilo gego pekee la chini ulilobaki nalo. Upande wa kushoto kule ni uwanja wa mpira. Ukipoteza moja kati ya haya mawili, jingine litabaki linatafuna hewa."

"Basi nipeni lile gumu kuliko yote," akasema Baba Mkubwa. "Nataka jino ambalo mimi nitakufa lenyewe litabaki."

Kucha alisikia, akainamisha kichwa. Mzee huyu alikuwa kaka wa baba yake, na ndiye aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Hakuwahi kumpiga wala kumfokea. Akitaka jambo alilisema mara moja, kisha akanyamaza, na kunyamaza kwake kulimwelemea mtu kuliko fimbo.

Mzee alipoondoka, Kucha alifungua kabati na kutoa vitofali vitatu vya kuchongea meno, vya aina tatu, akavipanga mezani. Pale karakana kila aina ilikuwa na jina lake la utani. Ya kwanza ni zirkonia, waliyoiita Jiwe. Jiwe huchongwa likiwa laini kama chaki na kubwa kupita kiasi, kisha likiingia tanuru husinyaa mpaka likamwenea mwenyewe, na likitoka humo hata nyundo italiheshimu. Ya pili ni kauri yenye asili ya kioo, waliyoiita Kioo. Huyo hutoka kwenye mashine akiwa wa zambarau, na moto ndio unaompa rangi ya jino, tena rangi nzuri mpaka mama mzazi hawezi kulitofautisha. Ya tatu ni mchanganyiko wa kauri na resini, yaani plastiki ngumu, na jina lake Mpole. Mpole haingii tanuru. Hung'arishwa tu akawa tayari, akiumwa hubonyea kidogo sana na kurudi, na kila mwaka hulika kidogo, kama meno ya watu yanavyolika.

Mafundi walibishana juu ya watatu hao kama watu wanavyobishana juu ya wakwe. Mmoja alisema Jiwe ndiye mume wa kuoa, hakuna wasiwasi. Mwenzake akamjibu kwamba ni kweli, yeye havunjiki, lakini muulize mkewe. Kucha hakuwa mtu wa mabishano. Kofia mbili za Baba Mkubwa alizichora kwa Kioo kwa sababu alitaka zipendeze, na sasa alijuta, ingawa kidogo tu, kwa sababu Kioo kilikuwa kimewatoshea wengi wenye umri ule na kikadumu.

Basi alichukua vile vipande akaviweka chini ya lenzi. Alitegemea kuona alama za mtu anayesaga meno usingizini: sehemu bapa zinazong'aa, kama kizingiti kilichokanyagwa na wengi. Hakuziona. Uso wa jino ulikuwa mzima kama siku ulipotoka. Palikuwa na kishimo kimoja tu, kidogo kama alama ya sindano, na ufa ulikuwa umeanzia hapo. Akatafuta vipande vya kofia ya kwanza, ambavyo alivihifadhi kwenye kikopo. Kishimo kilikuwa palepale.

Haikuwa uji. Ilikuwa kitu kidogo na kigumu, kimeumwa mahali pamoja, mara nyingi.

Jumapili alikwenda nyumbani kwao. Baba Mkubwa hakuwepo. Mama Mkubwa alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, beseni la nguo mbele yake.

"Anasaga meno akilala?" Kucha akauliza baada ya salamu.

"Yeye? Analala kama gogo. Mwenye kusaga meno humu ndani ni mimi, kwa kumvumilia." Alichukua shati la mumewe, akageuza mfuko wa kifuani nje, akaukung'uta. Punje za mahindi zikadondoka sakafuni. "Unaona? Nguo zake ukizifua bila kukagua mifuko, utavuna kwenye beseni."

Kucha aliokota punje moja. Ilikuwa kavu, ngumu, na ncha yake ilimchoma kidogo kwenye ngozi ya kidole. Aliitazama hadi Mama Mkubwa akaacha kufua.

"Alituambia ameacha kuuma mahindi ya ghalani," Kucha akasema.

"Alituambia," Mama Mkubwa akakubali. "Na mimi nikajifanya hamnazo. Ungekaa naye wewe siku nzima, nawe ungejifanya."

Ghala la nafaka lilikuwa mwisho wa barabara ya vumbi, nyuma ya karakana za kuchomelea vyuma. Kucha alilijua tangu utotoni. Malori yalikuwa yameegeshwa mkia kwa mkia, na wauzaji wamekaa juu ya magunia yao kama watu wanaolinda wagonjwa. Karani wa ghala alikuwa na kipimo cha umeme, kichombo kama redio ndogo. Alimimina punje ndani, akasubiri, akasoma kwa sauti: bado mabichi. Muuzaji alinuna, na macho yake yalikuwa pembeni, kwa Baba Mkubwa.

"Mashine imeshasema," muuzaji akasema. "Sasa na Mzee Gego aseme."

Baba Mkubwa alichoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye mfereji kinachotoa punje bila kufungua gunia. Akachagua punje moja, akaiingiza mdomoni upande wa kulia, ambako kisiki chake kilikuwa kimevikwa kofia ya muda ya plastiki. Aliinamisha kichwa kama anayesikiliza mtu chumba cha pili. Akauma.

Kucha, aliyekuwa amesimama nyuma ya lori, alihisi jino lake mwenyewe limeshtuka.

"Bado kidogo," Baba Mkubwa akasema. "Yaanike, uyarudishe." Na muuzaji, ambaye mashine ilikwisha kumwambia hivyohivyo akanuna, sasa alicheka na kuanza kushusha magunia.

Mzee alipogeuka alimwona. Hakushtuka. Alimwita kwa kichwa, wakaenda kusimama kwenye ukuta wa nyuma.

"Mama yako mkubwa amekutuma."

"Hapana. Mifuko yako ndiyo iliyonituma."

Alicheka kidogo. "Sikiliza, mwanangu. Punje kavu hupasuka mara moja, na sauti yake hupanda mpaka hapa." Aligusa nyuma ya sikio. "Mbichi hukubali kwanza. Hujikunja, ndipo ikavunjika, na sauti yake hubaki chini kwenye taya. Mahindi mabichi yakiingia ghalani huchemka kimyakimya ndani ya gunia. Ukifungua unakuta ukungu, na jasho la mtu limepotea."

"Karani ana kipimo, Baba."

"Anacho, na ni kizuri. Sina ugomvi nacho, mara nyingi tunasema jambo moja. Lakini mtu akiambiwa na mashine kwamba mahindi yake ni mabichi, anaona ametukanwa. Akiambiwa na mimi, anaanika." Alipangusa vumbi begani. "Nikiacha kuuma, mimi hapa ni nani? Mzee anayepisha malori."

Kucha alikuwa na neno moja kwenye ncha ya ulimi. Neno lenyewe lilikuwa fupi: acha. Alilimeza. Badala yake akasema, "Nitakutengenezea mawili, la Jiwe na la Mpole. Tutajaribu moja baada ya jingine kwa gundi ya muda, tuone lipi linakufaa."

Uso wa mzee ulifunguka. "Ndiyo maana nilikusomesha," akasema, ingawa wote wawili walijua kwamba shule ilimshinda mapema, na ufundi huu alijifunza kwa kusimama nyuma ya migongo ya watu.

Alianza na Jiwe. Safari hii hakuchora vilima virefu vya jino la kijana. Alitazama meno mengine ya mzee yalivyolika, akachora gego la umri wake, pana na tulivu, mabonde hayana kina. Alilisugua kwa brashi na unga wa kung'arishia mpaka likateleza kama kokoto ya mtoni, kwa sababu Jiwe lisiposuguliwa vizuri hukwangua jino linaloumana nalo. Akalipitishia ukucha. Halikuwa na kosa.

Daktari alilivisha. Baba Mkubwa aliuma hewa, akauma tena, akatabasamu. "Huyu ni mwanamume," akasema.

Wiki zikapita, na habari zikawa nzuri. Mama Mkubwa alipopiga simu alisema mzee anaimba bafuni. Karani wa ghala alimpa Kucha salamu njiani. Kucha mwenyewe alilala vizuri, akajiambia kwamba amepata dawa: nyenzo ngumu kwa mtu mgumu, mambo yamekwisha, na lile neno fupi halitahitajika tena.

Mzee alirudi kwa uchunguzi kama alivyopangiwa. Daktari akamwekea ile karatasi nyembamba ya bluu kati ya meno, inayoacha alama pale jino linapogusa jino, akamwambia aume. Kisha akamwita Kucha atazame.

Kwenye Jiwe palikuwa na kivuli tu cha bluu, hafifu, kama mtu aliyepita bila kubisha hodi. Lakini meno ya mbele yalikuwa yamejaa rangi. Baba Mkubwa alikuwa anasogeza taya mbele ili gego lisikutane na mwenzake.

"Unakula na meno ya mbele, mzee wangu?" Daktari akauliza. "Kama sungura?"

"Nakula kama kawaida."

Daktari aligeuza kioo chake cha mdomoni, akagonga gego la chini kwa mpini wake, taratibu. Vidole vya mzee vilikamata mkono wa kiti.

"Linauma?"

"Haliumi."

Akagonga tena.

"Linasema kidogo," akakiri.

Daktari alimulika lile gego la chini kwa taa ndogo kutoka pembeni. Mwanga uliingia, ukafika katikati, ukakatika. Palikuwa na ufa mwembamba kama unywele wa mtoto. "Haujafika kwenye mzizi," akasema. "Lakini uko njiani." Akaling'oa Jiwe kutoka kwenye gundi yake, akampa Kucha, akaenda kunawa mikono, na kwa mara ya kwanza akaurudisha mlango nyuma yake.

Kucha alilitazama Jiwe kiganjani. Halikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Lilikuwa limefanya kila lililoombwa. Kila punje iliyoumwa, Jiwe lilikataa kubeba hata chembe ya mshindo, likausukuma wote chini, kwa mwenzake, na mwenzake akabeba mpaka akapasuka, na mwenye mdomo akanyamaza kwa sababu ndilo jino alilolitaka mwenyewe.

"Basi weka Mpole," Baba Mkubwa akasema. "Tumjaribu naye."

"Mpole nitaweka. Lakini si wa mahindi."

"Tutaona."

"Baba." Sauti yake ilitoka ndogo, akakohoa, akaanza upya. "Hakuna wa mahindi. Kioo atavunjika yeye. Jiwe atavunja la chini. Mpole atalika haraka, na ukimbana na punje kavu atang'oka au atapasuka na kisiki chako. Nimewalinganisha wote. Nilikuwa natafuta jino la kukuwezesha kuendelea, ili nisije nikakwambia uache. Halipo."

Mzee alitazama taa iliyokuwa imezimwa juu yake.

"Wewe ndiye wa kunikataza?"

"Mimi ndiye ninayekuchongea."

Nje palisikika mtu akiburuta kiti, na mashine ya karakana ikaanza kuvuma. Kucha alitamani ardhi ipasuke, lakini hakuliondoa jicho.

"Ulipokuwa mdogo hukuwa na maneno mengi hivi," Baba Mkubwa akasema mwishowe.

"Hata sasa sina. Yamekwisha."

Shavu la mzee lilicheza, kama mtu aliyekuwa karibu kucheka akabadilisha mawazo. Akafumba macho. "Weka Mpole."

Daktari alimgundisha Mpole kwa gundi ya kudumu, akamweleza mzee kwamba huyu atachakaa, na siku moja huenda akatoka, na kwamba akitoka atarudishwa au atatengenezwa mwingine, haidhuru, mradi viwili vya asili, kisiki cha juu na gego la chini, vipone. Gego la chini nalo alilivika kofia ya aina hiyohiyo kulifunga ule ufa usiendelee. Baba Mkubwa aliitikia kila neno. Alipoondoka hakumwangalia Kucha.

Siku zilizofuata hakwenda ghalani. Mama Mkubwa alipiga simu. "Njoo umchukue mzee wako," akasema. "Anafagia uwanja nilioufagia. Jana amepanga sufuria zangu kwa ukubwa. Sipati mwiko."

"Amekasirika?"

"Angekasirika ningepumzika. Yuko mpole kama hilo jino lenu."

Kucha alikwenda kazini, akachora meno ya watu wengine, akachagua kwa kila mmoja kilichomfaa. Lakini kila aliposhika kitofali alijiuliza alichokuwa hajajiuliza zamani: huyu anaumana na nani? Maana ukilipima jino peke yake mezani, Jiwe hushinda kila siku. Kinywani ni hesabu nyingine. Alijua amelinda gego la Baba Mkubwa. Hakujua kama amemlinda Baba Mkubwa.

Kisha asubuhi moja Mama Mkubwa akapiga tena, akasema kiti kiko wazi, mzee ametoka na bambo lake. Kucha aliomba ruhusa, akaenda ghalani mbiombio, amejiandaa kugombana.

Alimkuta mahali pake pale pale. Mbele yake alisimama muuzaji mmoja mnene, amefungua mdomo. Baba Mkubwa alimtilia punje yule muuzaji kwenye magego yake, akamshika bega, akasogeza sikio karibu na shavu lake kama mtu anayenong'onezwa siri.

"Haya, uma."

Muuzaji akauma. Wengine juu ya magunia walikuwa wanacheka.

"Mzee Gego siku hizi anaazima meno," mmoja akasema.

"Mimi asiniazime, nimebaki na matatu."

"Basi mahindi yako tutayapima kwa fizi."

Baba Mkubwa aliinua mkono wanyamaze. Alifikiri. "Makavu," akasema. Karani akasoma kipimo chake, akatikisa kichwa: bado. Kicheko kikaisha. Baba Mkubwa alitazama chini kidogo, kisha akamwambia muuzaji, "Karani ndiye mwenye haki. Kayaanike. Sikio langu bado linajifunza mlango huu mpya." Na yule mnene, baada ya kusitasita, akasema haya mzee, akabeba gunia lake.

Baba Mkubwa alimwona Kucha. Safari hii hakumwita pembeni.

"Nimekosea mara nyingi leo," akamwambia. "Mdomo wa mtu mwingine si mdomo wako. Kila mmoja ana ukuta wake." Alichomoa punje kwenye bambo, akaitazama juani, akamnyooshea. "Wewe una meno yote."

Kucha aliishika. Aliujua ufa mwembamba kama unywele, alijua unakoanzia. Alifikiria kusema hapana, na neno hilo sasa halikuwa zito tena mdomoni mwake. Alitazama mlangoni kama vile Daktari angetokea, akaiweka punje kwenye magego ya kulia. Sikio la Baba Mkubwa likaja karibu, lenye joto na vumbi la unga.

Akauma.

"Umesikia?" mzee akauliza.

"Nimesikia kitu kimevunjika."

"Wapi? Juu au chini?"

Kucha alifikiri kwa kweli. "Sijui."

"Hata mimi," akasema Baba Mkubwa, akamwita karani alete kipimo, wakasubiri pamoja kisome.